Jinsia Mlangoni, Jinsia Mizanini: Kumsoma Rais Mwanamke kutoka Smithfield

Sarufi ya Kiswahili haimwulizi mtu jinsia yake. Kiambishi cha nafsi ya tatu umoja kinamchukua mfalme na malkia, waziri wa kike na wa kiume, rais aliyepita na rais aliyepo, pasi na kubagua. Mtu aweza kusoma ukurasa mzima wa habari za ikulu, kwamba rais amewasili, ameteua, ametengua, amehutubia, asitambue kama anayesemwa ni mwanamume au mwanamke. Jinsia inapoingia katika Kiswahili cha siasa haipiti katika sarufi. Inapitia katika majina ya udugu na heshima: Baba wa Taifa, Mzee, Mama, Bibi. Kwa sababu hiyo, swali la kama jinsia ya mgombea yafaa kuathiri kura ya urais, kabla halijawa swali la katiba au la vyama, ni swali la istiari, na wahakiki wa fasihi wana la kusema juu yake.

Smithfield ni kitongoji cha magharibi mwa Sydney, ndani ya Jiji la Fairfield, kilichopewa jina la soko la mifugo la London. Ni mahali pa maghala, viwanda na nyumba za familia zilizohamia kutoka pembe nyingi za dunia, na upande huo wa jiji ndiko walikofikia wazungumzaji wengi wa Kiswahili wenye asili ya Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania. Msomaji wa Kiswahili anayeishi huko yumo katika hali isiyo ya kawaida. Akiwa raia wa Australia, sheria inamlazimisha kupiga kura, na asipojitokeza bila sababu hutozwa faini. Lakini Australia haina rais: kura ya maoni ya mwaka 1999, iliyopendekeza jamhuri yenye rais wa kuteuliwa na Bunge, ilikataliwa. Nyumbani nako mlango haukumfungukia. Tanzania haiwaruhusu watu wazima kuwa na uraia pacha, na raia wake walio ng'ambo hawakuwekewa vituo vya kura. Kenya ilipofungua vituo katika nchi 12 za nje mwaka 2022, Australia haikuwamo. Kongo ilipowapa raia wake wa nchi tano za nje nafasi ya kupiga kura mwaka 2023, Australia haikuwamo vilevile. Mkazi huyo, basi, hana rais wa kumchagua popote. Kilichobaki mkononi mwake ni kusoma: hotuba, tamthilia, salamu za misiba na kaulimbiu za kampeni. Usomaji wa namna hiyo una faida moja. Asiyegombewa kura yake hana haja ya kubembelezwa.

Matini ya kwanza inayostahili kusomwa ni hotuba ya Machi 2021, wakati wa kumuaga kitaifa Rais John Magufuli jijini Dodoma. Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa tarehe 19 mwezi huo, aliwageukia waliokuwa na shaka kama mwanamke angeweza kushika nafasi hiyo. Aliwaambia kwamba aliyesimama mbele yao ni rais, akalirudia neno hilo, kisha akaongeza kwamba ni rais mwenye maumbile ya kike. Wengi walikumbuka ujasiri wa sauti. Kinachomhusu mhakiki ni mpangilio wa maneno. Nomino ya kazi ilitangulia. Maumbile yalifuata nyuma kama kivumishi kinavyofuata nomino yake, yakiwa maelezo ya nyongeza yasiyobadili kitu kilichokwisha tajwa. Hakuomba apewe cheo kwa sababu ya maumbile yake, wala hakuomba maumbile yake yasahauliwe. Aliyaweka mahali pake katika sentensi, na mahali hapo palikuwa baada ya katiba. Kwa nguvu ya hoja katika maneno machache, matini za kisiasa za Kiswahili za karne hii zinazoifikia ni chache.

Neno lile lile, maumbile, lilirudi miezi mitano baadaye kwa sura nyingine. Mwezi Agosti 2021, akizungumza mbele ya wanamichezo, rais huyo huyo alisema juu ya vifua bapa vya baadhi ya wachezaji wa kike wa soka, na jinsi mtu awezavyo kuwadhania wanaume. Wakosoaji wake, wanawake kwa wanaume, walishangaa. Hawakupaswa kushangaa sana. Maumbile yanapokubaliwa kuingia katika hotuba ya dola, hata kwa nia njema, hayakai pale yalipowekwa. Mwezi Machi yalikuwa ngao ya mwanamke mmoja. Mwezi Agosti yakawa kipimo cha wanawake wengine. Haifuati kwamba hotuba ya kwanza ilikuwa na kasoro. Linalofuata ni kwamba mwili wa mwanamke, hata unapotajwa na mwanamke aliye juu ya ngazi zote, unabaki na historia ya kupimwa.

Matini ya pili ni ya Septemba 2021, katika hadhara ya wanawake siku ya demokrasia duniani. Hapo Rais Samia alisema kwamba nchi ilikuwa bado haijamchagua rais mwanamke, kwa kuwa yeye alifikishwa na katiba na kudura, na kwamba wanawake wangemweka rais wao mwaka 2025 iwapo wangeungana. Mpangilio wa Machi umepinduliwa. Sasa jinsia imetangulia na cheo kimefuata. Hapa ndipo swali la makala haya linapoulizwa bila kificho: je, mpiga kura amchague mgombea kwa sababu ni mwanamke?

Haki ni kuisikiliza hoja hiyo katika sura yake yenye nguvu kabla ya kuipinga. Anayesema jinsia isiingie katika kura hujifanya kana kwamba haikuwamo tangu awali. Nchini Kenya, Charity Ngilu na Wangari Maathai walipogombea urais mwaka 1997 walikuwa wanawake wa kwanza kufanya hivyo, miaka 34 baada ya uhuru. Tanzania ilimsubiri Anna Senkoro hadi mwaka 2005, na Uganda ikamsubiri Miria Obote hadi 2006. Katika chaguzi zote zilizotangulia hapana mpiga kura aliyeambiwa kwamba anapiga kura ya jinsia, ingawa karatasi yake ilikuwa na jinsia moja tu. Wingi wa wanaume uliitwa kawaida. Mwanamke mmoja alipotokea ndipo neno jinsia lilipozaliwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilijaribu kulirekebisha jambo hilo kwa kanuni kwamba si zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa wawe wa jinsia moja. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kuitekeleza, hata Jaji Mkuu David Maraga akamshauri rais mwezi Septemba 2020 alivunje. Halikuvunjwa. Kwa hiyo mwanamke anayewaambia wanawake wenzake waungane hazui upendeleo mahali pasipokuwa nao. Anajibu upendeleo wa kale kwa upendeleo mpya.

Isitoshe, pwani yenyewe ina kumbukumbu inayokanusha dai kwamba utawala wa mwanamke ni mgeni. Pate ya karne ya 18 ilitawaliwa na Mwana Khadija. Mwishoni mwa karne ya 17, wakati Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa, Unguja ilikuwa na malkia Fatuma. Huko Mwali katika visiwa vya Komoro, karne ya 19, alikuwako Djoumbé Fatima. Hakuna kati yao aliyechaguliwa kwa kura, na si wote waliotawala kwa amani, lakini walikuwapo. Wanaotumia mila kama hoja dhidi ya rais mwanamke wanaitumia mila waliyoichagua wenyewe.

Hata hivyo, hoja kwamba jinsia imekuwa ikiingia katika kura haithibitishi kwamba yafaa iamue kura. Fasihi ya Kiswahili imelijaribu jambo hili kwa njia mbili, na tofauti ya njia hizo ni ya kutazamwa kwa makini.

Njia ya kwanza ni ya Pauline Kea katika tamthilia ya Kigogo, iliyosomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa sekondari nchini Kenya. Katika Sagamoyo ya Majoka, soko la Chapakazi limefungwa, wapinzani wanauawa, na anayeinuka kupinga ni Tunu, mwanamke kijana. Namna jinsia inavyotumika humo inafuata utaratibu thabiti. Tunu hajitetei kwa uanamke wake. Anajitetea kwa vitendo: anaandamana, anahoji, anaumizwa, anarudi tena. Jinsia yake hutajwa kwa kishindo na wale wanaotaka kumnyamazisha, na hutajwa kama upungufu: hajaolewa, basi ataongozaje? Kea ameligawa jukwaa kwa haki. Jinsia ni silaha ya wasio na hoja, na utendaji ni jibu la mwenye hoja. Mtazamaji anaporudi nyumbani anamkumbuka Tunu kwa mguu wake ulioumizwa na kwa soko alilolipigania.

Kuna jambo dogo katika majina. Mama yake Tunu anaitwa Hashima. Hilo pia ndilo jina la binti ambaye Mwana Kupona binti Msham, karibu mwaka 1858, alimtungia utendi wake mashuhuri wa wosia juu ya dini, adabu na mume. Kama Kea alikusudia mwangwi huo au la, maandishi yenyewe hayalazimu jibu. Lakini ukishausikia hauondoki. Hashima wa utendi aliusiwa namna ya kukaa ndani. Hashima wa tamthilia ana binti aliyetoka nje hadi uwanja wa soko. Kati ya Hashima wawili pana karibu miaka 160 ya fasihi ya Kiswahili juu ya mwanamke, na sehemu kubwa ya fasihi hiyo imekuwa ikibishana na wosia ule au ikiutii.

Udhaifu wa Kigogo kama jibu la swali la kura uko kwenye pazia lake. Linafungwa umma ukiwa umemwacha Majoka na kumfuata Tunu, kabla Tunu hajatawala hata siku moja. Mwandishi ameandika tamthilia ya kupindua, hakuandika tamthilia ya kutawala, na hapaswi kulaumiwa kwa kutoandika alichokuwa hakukiahidi. Lakini wasomaji na walimu wengi wamekifanya kitabu hicho kuwa ushahidi kwamba mwanamke akitawala mambo yatanyooka. Kitabu hakisemi hivyo. Kinasema kwamba Majoka lazima aondoke, na kwamba aliyekuwa na ujasiri wa kumwondoa alikuwa mwanamke. Tunu wa mwaka wa kumi madarakani, mwenye polisi, hazina na washauri mfano wa Kenga, hajaandikwa.

Njia ya pili ni ya Penina Muhando katika Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982. Humo wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo kubwa iliyolala chini, na nguzo haisimami. Wanatengana, wanasengenyana, wanavutwa huku na huku na shida za nyumbani, na mjane miongoni mwao ananyang'anywa mali na ndugu wa mumewe. Muhando hakuwapa majina ya kawaida. Aliwahesabu: Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu, na kuendelea. Uhakiki mwingi umeusoma uhesabuji huo kama ishara kwamba wahusika wanawakilisha wanawake wote. Upo usomaji mwingine, ulio mchungu zaidi: kwamba siasa ya umoja wa wanawake, ikiandaliwa kutoka juu, huwageuza wanawake kuwa idadi. Kamba ya kuivuta nguzo inahitaji mikono mingi, na mikono haiulizwi majina. Miaka 39 kabla ya hotuba ya Septemba 2021, tamthilia hii ilikuwa imekwisha kuuliza: wakiungana, wataungana juu ya nini? Bi mwenye duka na Bi aliyeporwa urithi ni wanawake wote wawili, lakini nguzo haiwaelemei kwa uzito mmoja.

Kisha ukaja mwaka 2025, na istiari zikakutana na hesabu. Tundu Lissu wa CHADEMA alikamatwa mwezi Aprili na kushtakiwa kwa uhaini; chama chake kiliondolewa katika uchaguzi; Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alizuiwa kugombea urais. Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Oktoba katikati ya maandamano, intaneti ikafungwa, na tume ikamtangaza Rais Samia mshindi kwa takriban asilimia 98. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba mamia ya watu waliaminika kuuawa. Serikali na wapinzani hawakukubaliana juu ya idadi, na rais akatangaza tume ya uchunguzi. Kaulimbiu ya chama tawala katika kampeni ilikuwa Kazi na Utu. Kwa mkazi wa Smithfield aliyekuwa akipiga simu nyumbani siku hizo bila kupokelewa, neno utu lilisomeka kwa uzito ambao mtunzi wa kaulimbiu hakuutarajia.

Mhakiki wa lugha ana deni la kueleza neno Mama lilifanya kazi gani katika miaka hiyo. Katika Kiswahili, Mama ni heshima kabla ya kuwa uzazi. Muuza genge huitwa mama, mwalimu huitwa mama, na hakuna anayedhalilishwa. Tangu 2021 neno hilo liliondolewa katika matumizi hayo ya kila siku na kupandishwa jukwaani. Mama anaupiga mwingi, walisema mashabiki, na kila barabara na darasa vikawa zawadi ya Mama. Palepale uhusiano wa kikatiba ukageuka uhusiano wa nyumbani. Raia anamhoji mtumishi wake. Mtoto hamhoji mama yake mbele ya wageni. Mama akigawa, hushukuriwa. Mama akichapa, husemwa anafunza. Istiari ya Baba wa Taifa ilikuwa na hatari hiyohiyo, na Majoka wa Sagamoyo aliitumia vya kutosha aliposema kwa sauti ya mlezi huku mkono ukiwa wa mnyang'anyi. Tofauti ni kwamba istiari ya Mama ilikuja na ulinzi wa ziada: anayeikosoa aliweza kuambiwa kwamba hamkosoi mtawala, bali anamdharau mwanamke. Nyakati nyingine lilikuwa kweli. Nyakati nyingine lilikuwa kifuniko.

Baada ya Oktoba lilizuka jibu la upande wa pili, nalo halifai kuachwa lipite. Wapo waliosema kwamba sasa imethibitika mwanamke hafai kuwa rais. Hukumu hiyo inabomoka ikisomwa kando ya fasihi ileile. Hakuna aliyewahi kumaliza kusoma Kigogo akahitimisha kwamba, kwa kuwa Majoka ni mwanamume, wanaume wasipewe tena uongozi. Uovu wa mwanamume mtawala huandikwa kwa jina lake mwenyewe. Uovu wa mwanamke mtawala huandikwa kwa jina la wanawake wote. Anayemhesabia mwanamke mmoja makosa kwa niaba ya nusu ya wanadamu anarudia, kwa kinyume, kosa la yule aliyemwombea kura kwa niaba ya nusu hiyohiyo. Wote wawili wamemgeuza mtu kuwa idadi, kama Bi Moja na Bi Pili.

Mahali ambapo mkazi wa Smithfield anaweza kumfundisha jambo msomaji wa Dodoma au Nairobi ni hapo penye mipaka ya jinsia kama hoja. Katika nusu ya pili ya mwaka 2010, New South Wales ilitawaliwa na wanawake kutoka juu hadi chini: malkia Elizabeth II, Gavana Mkuu Quentin Bryce, gavana wa jimbo Marie Bashir, waziri mkuu wa nchi Julia Gillard, na waziri mkuu wa jimbo Kristina Keneally. Dharau haikukoma kwa hilo. Tarehe 9 Oktoba 2012 Gillard alilazimika kusimama bungeni na kutoa hotuba juu ya chuki dhidi ya wanawake, hotuba iliyosambaa ulimwenguni kote. Katika hotuba hiyo hakuomba achaguliwe kwa kuwa ni mwanamke. Alidai apimwe kwa mizani iliyotumika kuwapimia wenzake. Hilo liko karibu zaidi na Samia wa Machi kuliko Samia wa Septemba.

Miaka kumi baadaye, tukio la ndani ya Jiji la Fairfield lenyewe likaongeza somo. Jimbo la Fowler lilikuwa limeshikwa na chama cha Labor tangu lilipoundwa mwaka 1984. Kwa uchaguzi wa Mei 2022 chama kilimpitisha Keneally, aliyekuwa akiishi kisiwani upande wa kaskazini wa Sydney, na kumwacha Tu Le, mwanasheria wa eneo hilo, binti wa wakimbizi wa Vietnam. Wapiga kura wakamchagua Dai Le, mgombea binafsi, ambaye mwenyewe alifika nchini akiwa mtoto mkimbizi kutoka Vietnam. Mshindi alikuwa mwanamke, mshindani wake mkuu alikuwa mwanamke, na aliyenyimwa nafasi kabla ya kura alikuwa mwanamke. Jinsia haikuweza kuamua chochote. Ilipokwisha kujibiwa, maswali mengine yakapata nafasi ya kusikika: huyu anaijua mitaa hii? Ameletwa na nani? Atawajibika kwa nani?

Tukio hilo linaonyesha tofauti ambayo mjadala wa Kiswahili umeichanganya mara nyingi, tofauti kati ya mlango na mizani. Mlangoni, jinsia ni hoja halali na ya lazima. Wanawake wa Australia, isipokuwa wengi wa wenyeji wa asili, walipata haki ya kupiga kura na kugombea Bunge la shirikisho mwaka 1902. Wa kwanza kuchaguliwa, Enid Lyons na Dorothy Tangney, waliingia mwaka 1943. Kwa miaka 41 mlango uliandikwa kuwa wazi na hakuna aliyepita. Mlango wa namna hiyo haufunguki kwa kusubiri sifa za wagombea; hufunguka kwa kanuni za vyama, kwa theluthi mbili za katiba, kwa vijana wa kike kufadhiliwa na kusikilizwa. Anayedai jinsia isitajwe mlangoni anautetea ufunguo alionao mkononi. Mizanini ni mambo mengine. Aliyekwisha ingia hupimwa kwa alichokitenda na anachokiahidi, na uanamke hauongezi uzito upande wowote wa mizani.

Tofauti hii haimwachi huru mwanamke aliyeingia. Hoja ya mlango ni hoja ya haki, na haki haifungui mlango mmoja ili kufunga mwingine. Uchaguzi ambao mwanamke amesimama katikati ya karatasi huku wapinzani wakiwa gerezani au nje ya orodha hauwezi kuitwa ushindi wa hoja iliyompitisha. Hoja hiyo ilisema kwamba hakuna anayepaswa kuzuiwa kabla ya kupimwa. Ilimhusu Senkoro, ilimhusu Ngilu, na mwaka 2025 ilimhusu Lissu. Anayeitumia kwa ajili yake peke yake ameivunja.

Fasihi ya Kiswahili inadaiwa sasa tamthilia ambayo Kea hakuiandika na ambayo Muhando aliikaribia tu: tamthilia ya mwanamke aliyekwisha shika dola, isiyomtakasa kwa uanamke wake wala kumlaani kwa huo. Mwandishi wake atakuwa na msaada mmoja mkubwa ndani ya lugha yenyewe. Kiswahili kinamwezesha kuuliza amefanya nini, amemtendea nani, atawajibika vipi, na katika maswali yote hayo hakuna jinsia. Ila kabla ya maswali hayo lipo moja la kutangulia, ambalo msomaji wa Smithfield, aliyezoea kupewa karatasi yenye majina na kalamu ya risasi kwa amri ya sheria, analijua kwa sababu karatasi ya nyumbani hajawahi kuishika: ni nani hayumo katika orodha hii, na nani aliyemwondoa?